Mlango wa Jikoni

Shikuku ananiandikia kutoka Mumias, saa nane usiku:
"Mchezo wako una kasoro. Mlango wa jikoni haufunguki.
Nimejaribu ufunguo, nimejaribu mwiko,
hata kuku nimemtuma aufungue."

Nacheka peke yangu hapa Manyatta,
kompyuta ikinguruma kama kinu cha posho.
Yule kuku nilimchora siku tatu, nukta kwa nukta.
Mlango, dakika mbili.

Simwambii kwamba nyuma yake hakuna chumba,
kwamba kila nikianza kuchora meko
mkono unasahau
sufuria ya mama ilikaa upande gani.

Stima inapotea. Inarudi.
Naongeza mstari mmoja tu:
mchezaji akibisha mara tatu,
sauti ijibu,
"Ngoja, ugali haujaiva."