Kinga

Hapa Katuba baiskeli tunaiita kinga.
Neno hilo lina matumbo mengi:
kinga, ukuni ulioungua nusu;
kinga, cha kukukinga usidhurike.
Sikuwaza hayo nilipoanza. Nilikuwa na njaa tu,
na tupa moja ya marehemu mjomba.

Mwewa alikuja mwezi wa sita, baridi ya kutoboa masikio.
Mguu wake wa kushoto mfupi kwa vidole vitatu.
Miaka kumi na mmoja anabeba makaa
kwa fremu za dukani, zilizoundwa kwa mtu asiyekuwepo:
mtu wa miguu sawa, wa barabara sawa,
asiyejua gunia la tano linavyovuta shingo.
Nilimpima kwa uzi. Goti, nyonga, bega hadi kiganja,
kila mahali fundo. Uzi nikautundika ukutani:
Mwewa mzima ananing'inia pale, mwembamba.

"Utanilipa nini?"
"Magunia manne. Moja sasa."
"Ya mti gani?"
Akacheka. Alijua nimekwisha kubali.

Watu hudhani kazi hii ni moto. Kazi ni tupa.
Bomba lilalie bomba, mdomo kwenye shavu,
kama mtoto anyonyavyo, mwanga usipenye.
Nakwaruza, napachika, nachungulia, natoa.
Mama Chola wa maandazi anauliza ng'ambo ya ua,
"Bado unakwaruza?"
Bado nakwaruza.

Umeme ulikatika saa tisa, ukarudi keshokutwa.
Hapo katikati niliwasha makaa ya Mwewa mwenyewe.
Kapya alivuta mvukuto, sikio kwenye redio ya mpira;
timu yetu ikikosa bao, moto nao unafifia.
Koki kuukuu ya shaba ya manjano iliyeyuka,
ikazunguka kiungo kama asali inayojua njia.
Usiku malori hupita na shaba ya mji huu,
yanaipeleka tusikokujua.
Hii, kijiko kimoja, imebaki.
Imebaki kwenye goti la baiskeli.

Jumapili, kabla ya kengele za misa,
nilifunga mchanga nyuma, nikaenda kuijaribu
kwenye njia ya wachoma makaa, kule nyuma ya Kasapa.
Mkono wa pedeli ya kushoto nilikuwa nimeufupisha,
kwa hiyo nilichechemea. Kwa baiskeli. Mimi, mwenye miguu mizima.
Kilomita ya tatu nyonga yangu ikaelewa,
nikawa Mwewa, napita kati ya vichuguu virefu kama nyumba,
kimoja kimekatwa ubavu na wafyatua matofali,
nyasi zilizoungua zinanichora vifundo vya miguu,
mizizi, vumbi jekundu, mteremko,
halafu ile raha ambayo sijui kuieleza, tumbo linabaki nyuma
na wewe umeshafika mbele.

Tik.

Nikasema ni jiwe.
Tik. Kila mzunguko, palepale.
Nilishuka, nikalowesha kidole mate, nikapapasa:
chini ya kiungo, ufa, unywele wa mtoto mchanga.
Rangi ingeuficha. Naijua rangi, nimewahi kuituma kazi hiyo
zamani, kwa mtu mwingine, na sitamtaja.
Nikarudi kwa miguu, naisukuma kama mgonjwa.

Siku tano zaidi. Mwewa alinifokea mbele ya wateja,
akaniita mwizi wa makaa. Nilinyamaza, nikakwaruza.

Jana alipita, magunia matano, jasho, hakunisalimu.
Mwenye mzigo hatoi mkono.
Nilizima redio ya Kapya, nikasikiliza:
mnyororo, pumzi, tairi kwenye kokoto,
hadi alipokata kona.

Uzi wake uko ukutani bado.
Kapya anautaka aufungie viatu.
Nimemkataza, na akiniuliza kwa nini
namtuma maandazi.