Pia Mbili za Mringaringa

Maabara yetu ina sinki moja na kabati lenye kufuli,
ufunguo aliondoka nao mwalimu aliyehamia Same.
Kwa hiyo nilishuka Kiboriloni
na mchoro nyuma ya karatasi ya mtihani,
nikamkabidhi Fundi Aminieli.

Akaugeuza juu chini, chini juu.
"Hiki nini, Mwalimu? Mguu wa kitanda
uliopata mimba?"

Nikamwambia ni pia mbili
zilizounganishwa kitako kwa kitako,
ncha huku, ncha kule, tumbo katikati.
Tutaiweka mahali reli mbili zinapokutana,
na reli zikipanda huku zikiachana,
nayo itapanda yenyewe.

"Itapanda."
Alilitamka neno lile
kama ninavyolitamka jina la mwanafunzi aliyenakili.

Alikuwa na jeneza la mzee wa Uru,
lazima litoke kabla ya saa tisa.
Mabaki ya mringaringa wake ndiyo aliyonipa,
akawasha mashine, akakereza,
maranda yakamwagika kwenye viatu vyangu vya kazini,
na pia ya kwanza ilipoanza kuwa pia
umeme ukakatika.

Tukanywa chai. Ukagoma kurudi.
Ya pili akaimalizia kwa patasi na msasa,
akiipapasa kwa kidole gumba, amefumba macho,
anatafuta kosa ambalo mimi sikuliona.

Tukaitega.
Ikakaa kimya kama darasa langu nikiuliza swali.

Nikasema reli zinyanyuliwe zaidi
(sijui kwa nini nilisema hivyo, nina shahada).
Ikaporomoka, ikaangukia kwenye maranda,
na Ombeni, kijana wa kupiga msasa,
akacheka mpaka akashika benchi.

Aliyeijua dawa ni Aminieli,
ambaye fizikia hakuwahi kuiona ubaoni.
"Mlima wako mkali mno. Punguza mlima, ongeza upana."
Akachomoa kibao kimoja chini ya reli,
akazitanua kwa vidole vinne,
akaachia.

Ikaanza polepole, kama inayouliza njia.
Kisha ikaamua.

Mafundi wa gereji ya jirani wakaja na mikono ya grisi.
Mama wa vitumbua akasema humo ndani kuna sumaku.
Ikarudiwa mara sita, mara saba,
na kila mara ilifika mwisho wa reli
ikitulia tuli, kama mtu aliyeketi kwake.

Aminieli hakusema kitu. Alichukua rula.
Akapima toka benchi hadi kwenye ncha:
mwanzo wa reli, kumi na nne na nukta mbili.
Mwisho wa reli, kumi na mbili na nusu.
Akapima tena. Akamwita Ombeni naye apime.

"Kwa hiyo haipandi."

"Haipandi, fundi. Zinazopanda ni reli.
Kitovu chake kinashuka muda wote."

"Wanasema aliye juu mngoje chini,"
akasema. "Huyu sasa wa kumngoja wapi?"
Na akaipuliza vumbi mashine yake,
ile ya mkopo, ya kijani,
ambayo mtaa mzima ulisema imempandisha,
asiongeze neno.

Hela ya ufundi akaikataa.
Alitaka jambo moja tu:
watoto wapime kwanza, ndipo niwaeleze.

Jumatatu, Kidato cha Pili, madawati yamesogezwa.
Walipiga kelele, walipima, walibishana na rula.
Nikajiona mwalimu.
Ndipo Nasieku, aliyeinamisha jicho usawa wa meza
tangu kipindi kianze, akauliza:

"Ikishafika huko, inarudije?"

"Hairudi. Mpaka mtu aibebe."

"Basi ibebe, Mwalimu, tuone."

Nikaishika kwa ncha zake mbili
nikairudisha chini,
yaani nikaipandisha.