Tora

Orodha ina majina mia nne na kumi.
Mengine yanajieleza: kina, kanieneo, kasi.
Mengine ni konsonanti tupu,
kama fundi anayesema na pini mdomoni.

Trondheim, Desemba, saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
Ingunn amekwama kwenye *tora*.
Alidhani ni nguvu ya kuzungusha, imekatwa mkia.
Akaizidisha mara mbili: turbini haikushtuka.
Kilichosogea ni mlango wa maji tu,
huko juu mtoni, na ni mwezi wa pili peke yake.

Mwongozo kimya. Akampigia Halldis,
aliyestaafu, anayetengeneza saa za watu huko Røros.

“Tora? Alikuwa ng'ombe.
Barafu ilikuwa nyembamba, akazama, akaziba wavu.
Siku mbili gizani.
Kabla yake hakuna aliyekumbuka
kuitia barafu kwenye hesabu.”

Jina hakulibadili.
Pembeni aliandika, kwa atakayekuja:
*unene wa barafu, kwa mita.*
Akatazama. Akaongeza:
*Usiweke sifuri. Kulikuwa na ng'ombe.*