Ngazi Ngapi

Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu:
Bisimwa, michezo, sufuri.
Mpira ukimjia hufumba macho,
huupisha kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Sikumgombeza. Hata mimi, shuleni,
niliwekwa golini kwa sababu ya tumbo langu.

Lakini mtoto huyu anapenda hesabu.
Huhesabu maharagwe kabla hayajatiwa chunguni,
matundu ya chandarua,
umeme umekatika mara ngapi tangu Jumatatu.

Jumamosi nikamuuliza, kama mjinga:
"Toka kwa Mama Nsimire, muuza sambaza,
hadi kwetu juu Kadutu, ni ngazi ngapi?"

Akanitazama. Akavua viatu.
Moja, mbili, udongo mwekundu ukimshika vidole,
thelathini na tisa, mbuzi kalala njiani,
mia moja na nne, mimi nimejishika kiuno,
yeye haonekani, sauti tu inashuka.

Kisha kimya.

Akarudi mbio, jasho puani:
"Papa, yule mbuzi amenichanganya.
Na lile jiwe lililovunjika,
ni ngazi au si ngazi?
Tuanze tena. Chini kabisa."

Goti langu likalia.
Tukashuka.