Chupa ya Pembe Nne

Colchester, Jumanne. Makumbusho hayajafunguliwa.
Nafuta vioo vya nje; vya ndani siruhusiwi kuvigusa.

Chupa ya pembe nne, rangi ya maji yaliyotuama,
mkono mmoja, shingo fupi.
Mrumi aliyeiagiza hakutafuta uzuri:
alitaka zikae bega kwa bega kashani,
zisigongane njiani.
Tako lake limechubuka. Hapo ndipo hutazama sana:
miaka ya kuvutwa rafuni na kurudishwa,
mafuta ya zeituni yakipimwa, mpishi akifoka.

Jirani yake, kichupa cha bafuni, masikio mawili,
cha kuning'inia kwenye kifundo cha mkono.
Kisha chembamba cha manukato:
shangazi Mwatima angekiita mrashi,
angekipindua, akigonge kiganjani,
labda tone limebaki.

Vilivyovunjika viliokotwa, vikapimwa, vikarudi tanuruni.
Lakini hii, ilipokwisha kazi ya mafuta,
ikatiwa majivu ya mtu.
Nani? Kibandiko hakisemi.

Usiku wa kumzaa Salha, hospitali ya mji huuhuu,
nilimwambia mkunga kwa Kiingereza cha kuokoteza:
chupa imepasuka.
Akainama kutafuta vigae sakafuni.

Kwetu mtu huja chupa ikipasuka.
Huyu aliondoka ndani ya isiyopasuka.

Nimecheka peke yangu, karibu mno na kioo.
Pumzi imeganda pale.
Nafuta tena.
Saa nne watafungua.