Saa Kumi ya Newala

Duka la Shaweji, Chikongola, mwezi wa kumi na moja,
bati linalia tik, tik, kwa jua,
na mume wangu Nambunga kasimama mbele ya kidude cheupe,
kidogo kama kipande cha sabuni,
anakitazama kama mtu anayechagua mkwe.

"Hiki cha bei rahisi," Shaweji anasema,
"kinajua mambo mawili tu: washa, zima.
Hiki kingine kina akili, unakipangia.
Saa hizi kipoze, saa hizi kipumzike,
Jumapili vyake, siku za kazi vyake.
Kitakula umeme kama mgeni mstaarabu,
kwa kijiko."

Kisha akatoa kalamu, akageuza boksi, akauliza:
mnaamka saa ngapi? Mnatoka saa ngapi?
Mnalala saa ngapi?
Na mnapenda digrii ngapi?

Miaka ishirini na sita ya ndoa,
hakuna aliyewahi kututaka namba.

Mimi wa Mikindani nikasema ishirini na saba.
Nimezaliwa ndani ya joto, najua pa kulishika:
khanga mbichi mabegani, mlango wa uani wazi,
sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji, basi.
Nambunga akasema kumi na tisa.
Kumi na tisa!
Hata samaki wa kwenye barafu wangeomba shuka.

Tulibishana mbele za watu.
Shaweji akakata katikati kama kadhi: ishirini na tatu.
Namba isiyo ya mtu.
Tukakubali wote, yaani wote tukanuna.

Usiku, gizani, pangaboi likizunguka na kelele zake,
nikamuuliza: kwa nini kumi na tisa?

Alikaa kimya hadi nikadhani kalala.
"Newala," akasema, "mwezi wa saba.
Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unaingia ndani bila hodi.
Saa kumi mama ananigusa wayo:
amka, twende maji, foleni isije ikatushinda.
Nami najifunika tena, dakika moja tu.
Ile dakika, Mama Somoe,
sijailala tangu niteremke huku."

Mama yake tulimzika mwezi wa tano.
Nambunga hakulia.
Alirudi Mtwara, akaanza kuulizia bei za viyoyozi.

Shaweji alipokuja kufunga, nikamwambia mimi: panga hivi.
Usiku kucha ishirini na saba, ya kwangu.
Saa kumi mpaka saa kumi na mbili,
kumi na tisa, ya kwake.
Akabonyeza, akabonyeza, akachukua hela yake.

Siku tatu Nambunga aliamka alfajiri
bila ukungu wowote.
Siku tatu nilirudi sokoni saa tano
nikakuta nyumba tupu imeganda,
paka wa jirani kajikunja ndani ya kapu la nguo,
na LUKU, uniti mbili nukta nne,
inalia kama kifaranga kilichopotea.

Kumbe mashine haihesabu kwa jua letu!
Kumi yake ndiyo saa nne yetu,
na kijana wa Chikongola, na kalamu yake yote,
kasahau hilo.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Kisha nikasimama juu ya kigoda, nikatoa sita kwa vidole
kama mtoto wa darasa la pili:
sifuri, nne, nukta mbili, sifuri, sifuri.

Sasa kidude kinasema tak.
Nje bado giza, mwadhini hajakohoa.
Ubaridi unashuka ukutani polepole,
mimi navuta shuka mbili na soksi za Somoe,
nalaani kimoyomoyo bei ya umeme.
Pembeni yangu, mwanamume wa miaka hamsini na nane
anajifunika gubigubi, kichwa na masikio.

Namwachia dakika yake.

Kisha nanyoosha mguu, namgusa wayo.
Anajibu kwa Kimakonde,
wala si mimi anayenijibu.