Meno Kwanza

Ndoto ndiyo idhini, husema bibi Sawai.
Bila ndoto usiguse katikati ya mtande.
Utafunga pindo tu, ule ua
unaozuia kilichomo kisitoke usiku
kikazurura ukumbini, kikitunusa mmoja mmoja.

Basi miaka mitatu nafunga ua.
Kiwanda cha mbao Bintulu kikitupa likizo ya mavuno
napanda mto Baleh na tambi za pakiti,
na vidonge vyake vya presha,
naketi pembeni ya nyuzi zake
kama mgeni aliyepewa vitunguu amenye.

Vidole gumba vyake vimechanjwa wino wa buluu.
Zamani wanaume walichanjwa hivyo
waliporudi na vichwa.
Yeye alichanjwa aliporudi na wekundu.

Maana wekundu hauokotwi, hutekwa:
mizizi ya mengkudu, tangawizi, chumvi,
kihori cha mti, wanawake peke yao,
na asiwepo aliyegombana tangu juzi.
Mindu, dada yake, alionja yale maji kwa ulimi,
akayatilia chumvi mara ya pili.
Hakuumaliza mwaka.
Karibu na kihori hatumtaji.

Mwezi wa sita nikaota.
Si mamba, si joka la mtoni.
Niliota duka kubwa la Miri,
zile ngazi za chuma zijiendeazo zenyewe,
nami katikati, mikono mitupu,
na mbele yangu mwanamke kanipa kisogo.

Niliona haya. Tangu lini mizimu ikaja kwa umeme?
Siku mbili nilikula wali kimya.
Siku ya tatu bibi akasema:
Unatafuna kama mtu aliyemeza siri na mifupa yake.

Nikamwambia.
Hakucheka.

Zilipanda au zilishuka?
Zilipanda.
Meno yake uliyaona?
Meno gani, bibi?
Pale juu, ngazi inapomezwa na sakafu.

(Miri amefika mara moja tu, kwa daktari wa macho,
na macho yenyewe yalikuwa na ukungu.)

Niliyaona.
Na kile kisogo, ulikijua?

Hapo sauti ikanikatika.
Mama hakufuma hata kitambaa cha kufutia sahani.
Alifia Bintulu na aproni ya kiwanda mwilini,
nywele kazibana kwa kalamu,
na mwana hutazama kisogo cha nina,
hata kisogo kikiwa na kalamu.

Bibi alinyamaza, jogoo wa jirani akawika ovyo.
Kisha akaniwekea mapajani
kitita cha nyuzi za majani, za kufungia.
Anza chini, upande wa kushoto, akasema.
Meno kwanza.

Nimefunga leo mafundo mia mbili na kitu.
Palipofungwa rangi haitaingia,
patabaki peupe, na peupe ndipo patakaposema.
Fundo moja limekwenda kombo, sikulifungua.
Jina la nguo hii sijalijua.
Siku nitakapolijua, usiniulize.

Giza likiingia naona mkono wake
unapapasa ukingo wa mtande,
ule wino wa buluu ukienda na kurudi.
Unafanya nini, bibi?

Nafunga ua, akasema.
Kitu chako hiki kina miguu.